Vyama vya Utu na Desturi Zilizobaki Baada ya Kanisa Kuachwa

Katika nchi nyingi za Ulaya watu wamekuwa wakijitenga na makanisa yao kidogo kidogo kwa muda wa miaka mia na zaidi. Habari hizo zajulikana kwa walimu na mapadre wetu, na mara nyingi husimuliwa kwa masikitiko. Lakini limo ndani yake jambo moja lisilosimuliwa sana, nalo lawahusu wote wanaochungua desturi za watu. Mtu akiisha kuiacha imani ya kanisa, je, aweza kuziacha na kazi zote ambazo kanisa lilikuwa likimfanyia? Mtoto wake atapewa jina mbele ya nani? Kijana wake ataingizwaje katika utu uzima? Mgonjwa wake atafarijiwa na nani, na maiti wake atazikwa kwa maneno gani? Katika makala hii tumekusudia kutazama vyama viwili vilivyojaribu kuyajibu maswali hayo, kimoja cha Norwei na kimoja cha Uholanzi, tupate kuona walichofaulu na walichoshindwa.

Kwanza yatupasa kusema machache juu ya majina. Katika lugha za Ulaya vyama hivi huitwa kwa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya "-a mtu." Sisi tunayo maneno mawili ya kuchagua, ubinadamu na utu. Ubinadamu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni hali ya kuwa mwana wa Adamu, na mwenye kulitamka neno hilo amekwisha kutaja kisa cha kuumbwa kwa mtu, apende asipende. Tena mara nyingi twalitumia katika kukiri udhaifu, kama tusemapo ya kuwa fulani amekosa kwa sababu ni binadamu. Utu ni neno la Kibantu, nalo lina maana mbili zilizoshikana: ni asili ya mtu, na tena ni mwenendo umpasao mtu. Asemwaye kwamba hana utu hakukosa mikono wala miguu. Amekosa huruma na haya. Maana hizo mbili ndizo walizozikusudia wenye vyama hivi, kwa kuwa wasema ya kwamba mtu, kwa akili yake na kwa huruma aliyo nayo kwa wenziwe, aweza kuijua njia ya kuishi vema pasipo kufunuliwa na Mungu. Kwa hiyo tutaviita vyama vya utu.

Neno la pili ni gumu zaidi. Katika lugha ya makanisani mambo ya kidunia hutajwa kwa lawama, kana kwamba dunia ni mtego. Hapa tunataka kutaja hali ya nchi tu, bila lawama: nchi ambayo sheria zake, shule zake na hospitali zake hazitawaliwi tena na kanisa, ingawa watu wake wengi wangali wakisali. Nchi ya namna hiyo tutaiita nchi iliyojitenga na dini.

Na tuanze na Norwei. Nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark hata mwaka 1814, na dini yake ilikuwa ya Kilutheri. Mwaka 1736 Mfalme Christian VI alitoa amri ya kwamba kila kijana sharti apate kipaimara. Mwaka uliofuata Erik Pontoppidan, aliyekuwa mhubiri katika jumba la mfalme, alitoa kitabu cha kuifafanua katekisimo, chenye maswali 759 na majibu yake, na vijana wakajifunza kwa kitabu hicho. Mwaka 1739 ikatolewa amri ya kuweka shule katika vijiji, kwa sababu haikuwezekana kuwauliza vijana mambo ya kitabu hali hawajui kusoma. Hivyo twaweza kusema kwamba shule za watu wote katika Norwei zilizaliwa na kipaimara, na heshima hiyo haifai kusahauliwa na yeyote aandikaye habari za nchi ile.

Lakini amri ile ilikuwa na upande wake wa pili. Asiyepata kipaimara hakuweza kufunga ndoa. Watu walikiita kipaimara "kwenda mbele ya padre," na kweli vijana walisimamishwa kanisani wakaulizwa mbele ya watu wote. Waliojua sana walisimama juu katika mstari, na waliojua haba wakasimama chini, na kila mtu wa mtaa akaona nafasi ya mtoto wa jirani yake. Siku ile ikiisha, kijana alihesabiwa kuwa mtu mzima, akatoka kwenda kufanya kazi. Basi katika tendo moja yalikutana mambo manne: ungamo la imani, mtihani wa shule, ruhusa ya serikali, na kuvuka kutoka utoto. Ni vigumu kuyatenga mambo yaliyofungwa pamoja namna hii. Mwenye kulikataa moja alilazimika kuyakosa yote.

Kamba hizo zilifunguliwa polepole. Sheria ya mwaka 1845 iliwapa Wakristo wasio Walutheri ruhusa ya kuwa na makanisa yao. Wayahudi, waliokatazwa na katiba ya 1814 hata kuingia nchini, waliruhusiwa mwaka 1851. Watawa waliruhusiwa mwaka 1897, na Wajesuiti hawakuruhusiwa hata mwaka 1956. Kulazimishwa kipaimara kulikoma mwaka 1912. Hapo mtu angedhani ya kuwa wasioamini wangaliiacha desturi ile mara moja. Haikuwa hivyo. Karibu vijana wote waliendelea kwenda mbele ya padre, kwa sababu siku ile ilikuwa na karamu, na mavazi mapya, na zawadi, na jamaa waliotoka mbali. Mzazi asiyeamini alikuwa na njia mbili tu: amwache mtoto wake akaungame asiloliamini, au amnyime siku ambayo wenziwe wote wanayo. Kwa mwenye kupenda ukweli, njia zote mbili zilikuwa chungu.

Kwa ajili ya shida hiyo kiliundwa chama cha wazazi, na mwaka 1951 mjini Oslo kikundi kidogo cha vijana kilifanyiwa kipaimara cha kiraia kwa mara ya kwanza katika Norwei. Mwaka 1956, mwaka ule ule Wajesuiti walipofunguliwa mlango, kikaanzishwa chama kiitwacho Human-Etisk Forbund, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Kristian Horn, mjuzi wa elimu ya mimea. Twaona basi kwamba chama hiki hakikuzaliwa na kitabu cha falsafa wala na mashindano ya wenye elimu. Kilizaliwa na haja ya wazazi waliotaka watoto wao wavuke salama.

Utaratibu wao ni huu. Kijana wa miaka kama 15 huhudhuria mafunzo pamoja na wenziwe kwa muda wa majuma kadhaa. Hufundishwa kupambanua mema na mabaya, kupima hoja, haki za binadamu, na jinsi ya kukaa na watu wasiofanana naye. Mwisho wake huwa siku ya sherehe. Vijana huja wamevaa mavazi ya asili ya wilaya zao, hutolewa hotuba, hupigwa muziki, na kila mmoja huitwa kwa jina lake akapewa hati. Hakuna sala wala kiapo. Baadaye nyumbani huliwa karamu, sawasawa na jirani zao waliotoka kanisani.

Mchungaji aweza kuuliza: ikiwa hakuna ubatizo wa kuthibitishwa, kipaimara ni cha nini? Swali hili ni la haki. Lakini tulitazame neno lenyewe. Neno la Kilatini litumiwalo Ulaya lina maana ya kutia nguvu, na neno letu kipaimara lina maana iyo hiyo, maana ni kile kimpacho mtu imara. Kanisa lasema ya kwamba imara hiyo hutoka kwa Roho Mtakatifu. Wenye chama wasema ya kwamba hutoka katika akili ya kijana, na mafundisho, na watu waliomzunguka. Hawapatani juu ya chemchemi. Wapatana kwamba kijana wa miaka 15 ahitaji kupewa imara, na kwamba hawezi kujipa peke yake.

Wasomaji wetu watakuwa wamekwisha kukumbuka habari za Masasi. Huko Askofu Vincent Lucas na wenzake hawakuwakataza Wakristo jando moja kwa moja. Walilichunguza, wakaondoa yaliyopingana na imani, wakaweka sala na mafundisho ya Kikristo mahali pake, ili vijana wa Kikristo wasikose kuvuka pamoja na rika lao. Wapo waliowasifu kwa hilo na wapo waliowalaumu. Lakini ukilinganisha utaona ya kuwa Norwei wamefanya kazi iyo hiyo kwa kuelekea upande mwingine. Masasi kanisa lilipokea desturi ya wazee likaijaza imani; Oslo wasioamini walipokea desturi ya kanisa wakaitoa imani wakaweka mengine. Pande zote mbili ziliona ya kwamba desturi ya kumvusha kijana ni chombo ambacho watu hawako tayari kukivunja, hata wakibadili kilichomo. Hatusemi ya kuwa kilichomo ni mamoja. Twasema ya kwamba asiyeijua haja iliyokiumba chombo hawezi kufahamu kwa nini watu wakishika sana.

Upo na mfano wa kutuonya. Katika Ujerumani vikundi vya watu waliojitenga na makanisa vilianza kuwafanyia vijana sherehe yao wenyewe katikati ya karne ya 19, na sherehe hiyo iliendelea miongoni mwa wafanyakazi kwa miaka mingi. Ulipofika mwaka 1955 serikali ya Ujerumani ya Mashariki iliitwaa, ikaitia kiapo cha kuitumikia dola ya kisoshalisti, ikawasukuma vijana wote waingie. Makanisa yalipinga. Kijana aliyekataa aliweza kunyimwa nafasi ya masomo ya juu, na baada ya miaka michache karibu wote wakaingia. Basi yale yaliyofanywa na mfalme Mkristo mwaka 1736 yalifanywa tena na serikali isiyo na Mungu: tendo la moyo likageuzwa kuwa cheti cha ruhusa. Kosa hilo halikuwa la imani moja wala la kutoamini. Ni kosa la mwenye mamlaka yeyote aonaye kwamba watu wapenda desturi fulani, akaifanya kamba ya kuwafungia.

Sasa tuende Uholanzi, ambako haja ilikuwa nyingine. Watu wa nchi ile walikaa kwa makundi. Wakatoliki walikuwa na shule zao, magazeti yao, hospitali zao na vyama vyao vya wafanyakazi. Waprotestanti hali kadhalika. Na Wasoshalisti nao wakawa na vyao. Mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kufanya kazi na kuzikwa asitoke katika kundi lake. Lakini watu wasio na kanisa walikuwa wakiongezeka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1879 hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka 1930 walikuwa kama 14 katika mia, na mwaka 1947 kama 17. Watu hao walidhaniwa na wengi kuwa hawana msingi wowote wa mwenendo mwema.

Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka nchi hiyo. Katika miaka mitano ya vita Wayahudi zaidi ya laki moja wa Uholanzi waliuawa, nao walikuwa kama robo tatu za Wayahudi wote wa nchi. Jaap van Praag, mtu wa ukoo wa Kiyahudi, aliokoka kwa kujificha. Vita vilipokwisha aliuliza swali lililomsumbua: kwa nini watu wengi hawakuwa na nguvu rohoni ya kuupinga uovu ule? Jibu lake lilikuwa kwamba watu wengi walikuwa watupu. Walikuwa wameacha imani ya wazee wao, wala hawakushika neno jingine lolote, hata akija mwenye nguvu hawana la kumjibu. Mwezi Februari mwaka 1946, mjini Amsterdam, yeye na wenzake wakaanzisha chama cha Humanistisch Verbond.

Van Praag aliieleza kazi ya chama kuwa mapambano mawili. Pambano dogo lilikuwa la kupata haki: wasio na kanisa wahesabiwe sawa na wengine mbele ya sheria, katika jeshi, gerezani na hospitalini. Pambano kubwa lilikuwa juu ya utupu wenyewe, yaani kuwasaidia watu wasio na dini wajue wanasimamia nini, wapate nguvu ya kusimama siku ya jaribu. Twaomba wasomaji wetu watazame kwamba katika mpango huu adui mkubwa hakuwa kanisa. Adui alikuwa ni ile hali ya mtu kutojali chochote, na katika hilo padre na mtu wa chama waliweza kusikilizana kuliko walivyodhani.

Pambano dogo lilikwenda vizuri. Chama kiliwaweka washauri wake magerezani na hospitalini, na tangu mwaka 1964 katika majeshi pia, pamoja na mapadre na wachungaji. Mwanzo ulikuwa mgumu, kwa maana watu wa makanisa waliuliza itawezekanaje mtu asiyesali awe mtumishi wa mambo ya roho. Neno la Kiholanzi litumikalo kwa kazi hiyo lina maana ya roho na ya akili pamoja, na hoja yote ilizunguka hapo. Washauri wakajibu kwa kazi. Waliketi na askari aliyemwua mtu na hawezi kulala. Waliketi na mfungwa asiyetembelewa. Waliketi na mgonjwa aliyejua kwamba hatapona na hakutaka kudanganywa. Hawakuwa na sakramenti ya kutoa. Walikuwa na sikio na wakati. Mwaka 1989 mjini Utrecht kilifunguliwa chuo kikuu cha elimu hii, na washauri wengi husomeshwa huko. Zaidi ya hayo, mwaka 1968 watu wa utu wa Uholanzi waliunda shirika la Hivos la kusaidia nchi maskini, ambalo lilifika hata kwetu Afrika ya Mashariki na kuwa na ofisi mjini Nairobi.

Mwaka 1952 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam vikaunda umoja wao wa dunia nzima, van Praag akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Norwei nako pambano dogo lilishindwa kidogo na kushinda mengi. Sheria ya mwaka 1981 iliwapa wanachama wa vyama vya namna hii fungu lao la fedha za serikali sawasawa na wanachama wa makanisa. Mwaka 1997 serikali iliweka somo moja la dini kwa watoto wote wa shule, na wazazi wa chama, waliokataliwa ruhusa kamili ya kuwaondoa watoto wao, wakashtaki. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwa sauti 9 dhidi ya 8 kwamba haki ya wazazi hao ilikuwa imevunjwa. Sauti moja tu! Hivyo twaona kwamba hata waamuzi wenye hekima waliona ugumu wa kupima haki ya mzazi na haja ya taifa ya kuwafundisha watoto wote pamoja. Mwaka 2012 katiba ilibadilishwa, na tangu Januari 2017 Kanisa la Norwei si idara ya serikali tena.

Lakini pambano kubwa je? Hapa ndipo tuonapo upungufu. Katika Norwei chama kina wanachama zaidi ya 100,000, na katika miaka ya karibuni karibu kijana mmoja katika watano amepata kipaimara chao. Lakini wengi wao huja kwa siku ile, na baada ya karamu hawaonekani tena. Na padre yeyote asomaye maneno haya aijua habari hiyo kwa kipaimara chake mwenyewe. Katika Uholanzi jambo li wazi zaidi. Mwaka 2017 hesabu ya serikali ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi ile hawana dini. Ingedhaniwa kwamba chama kingejaa. Bali wanachama wake hawafiki hata mmoja katika mia ya watu hao wasio na dini. Walioacha kanisa hawakuhamia chama. Wengi walikwenda nyumbani kwao wakafunga mlango. Utupu aliouogopa van Praag haukuponywa kwa haki kupatikana, kwa kuwa mtu aweza kuwa na haki zote na bado asiwe na mtu wa kumwambia neno siku ya msiba.

Basi mwalimu au padre ajifunze nini katika habari hizi? Twaona mambo matatu. La kwanza, asidhani kwamba mtu asiyesali hana mwenendo. Wapo walioacha sala wakashika utu kwa bidii nyingi, na kuwasingizia ni kukosa utu. La pili, ajihadhari na nguvu za serikali zinapotolewa kumsaidia katika mambo ya roho. Kipaimara cha lazima kilijaza makanisa ya Norwei kwa miaka 176, nacho pia kiliandaa siku ya watu kuyakimbia. La tatu, kila desturi aionayo mbele yake, iwe ya wazee au ya kanisa, aulize inamtimizia mtu haja gani kabla ya kuinua mkono kuiondoa au kuigeuza. Haja ya kupewa jina, ya kuvushwa, ya kuketi na mtu wakati wa ugonjwa, na ya kuzikwa kwa heshima, haikuondoka Ulaya imani ilipoondoka. Wazee wetu walisema mtu ni watu. Vyama vya utu vililifahamu neno hilo vikafanya kazi kwalo, na mahali walipopungukiwa ni hapo watu walipobaki mmoja mmoja. Kanisa nalo litapimwa kwa kipimo hicho hicho.